Mwongozo Usioijua Ng'ambwa

Ng'ambwa ni shehia ya Wilaya ya Chake Chake, Mkoa wa Kusini Pemba. Jina lake lina ritifaa moja tu, nayo inatosha kuuangusha ukurasa wa tovuti.

Chukulia kijana wa Madungu anayejifunza kutengeneza tovuti. Amepewa kazi ya kuandaa fomu ya kuandikisha wakulima wa karafuu: jina, simu, shehia. Mwalimu wa kumuuliza hayupo karibu, kwa hiyo amefungua mwongozo mtandaoni, akakuta mfano wa lugha ya PHP unaofanana na anachokitaka, akaunakili. Anaijaribu fomu kwa Wawi, inapokea. Anaandika Pujini, Vitongoji, Ziwani, zote zinapita. Kazi inapoanza anatokea mtu wa Ng'ambwa, anaandika shehia yake kama inavyoandikwa, anabonyeza kitufe, na ukurasa unamrudishia maneno mageni kuhusu kosa la sarufi katika amri ya SQL.

Hakuna aliyekosea katika kuandika jina. Katika SQL, lugha inayotumika kuzungumza na kanzidata, maneno ya kawaida hufungwa kati ya ritifaa mbili. Mfano ule wa mwongozo unachukua alichoandika mtumiaji na kukipachika moja kwa moja ndani ya amri. Kanzidata inasoma Ng, inakutana na ritifaa, inaamini neno limekwisha, kisha inaliona "ambwa" limesimama peke yake kama amri isiyo na maana. Inakataa.

Kukataa huko ndiyo salama yake. Mtu mwenye nia mbaya akiweka ritifaa ileile makusudi, kisha badala ya "ambwa" akaandika amri ya kweli, kanzidata itamtii. Anaweza kusoma orodha nzima ya wakulima na namba zao za simu, au kuifuta. Udhaifu huu ulielezwa hadharani katika jarida la Phrack mwezi Desemba 1998, na hadi leo unahesabiwa miongoni mwa matundu makubwa ya usalama wa tovuti. Kwa maneno mengine, mkulima wa Ng'ambwa amefanya bila kukusudia kile ambacho mkaguzi wa usalama angelipwa kukifanya: ameugusa ukuta mahali ulipo mwembamba.

Kinachofuata mara nyingi ni kibaya zaidi. Kijana anawaambia watu waandike Ngambwa, bila ritifaa. Fomu inapita, mkubwa wa kazi anaridhika, na tundu linabaki wazi vilevile. Jina la watu limepindishwa ili mfano wa mwongozo uonekane sahihi.

Hapo ndipo penye hoja. Kosa lililoandikwa katika mwongozo linapaswa kusahihishwa katika mwongozo wenyewe, na mtu wa kulisahihisha ni yule aliyekutana nalo, hata kama anakaa Pemba na mwongozo umeandikwa Ulaya au Marekani. Kulikwepa kimyakimya kwenye kompyuta yako ni kumwachia mwenzako shimo lilelile.

Dawa ya tatizo la Ng'ambwa si ngeni. PHP ilianzishwa mwaka 1995 na Rasmus Lerdorf, ambaye naye ni mzaliwa wa kisiwani, Disko huko Greenland. Toleo la 5.1 la mwaka 2005 lilikuja na PDO, njia ya kuandika amri kwanza ikiwa na nafasi tupu, halafu kupeleka maneno ya mtumiaji kwa mlango wake, yasichanganyike na amri hata siku moja. Njia ya zamani iliyobeba mifano mingi mibovu ilitangazwa kuwa imepitwa na wakati mwaka 2013, na ikaondolewa kabisa katika PHP 7 mwezi Desemba 2015. Lugha ilijirekebisha. Mafunzo yaliyotapakaa mtandaoni hayakujirekebisha yenyewe.

Madhara yake yameshapimwa. Mwaka 2017 kundi la watafiti, wakiwemo Tommi Unruh na Fabian Yamaguchi, lilikusanya mafunzo mashuhuri ya PHP yenye msimbo wenye matundu, kisha likatafuta msimbo unaofanana nao katika miradi 64,415 iliyowekwa wazi kwenye GitHub, ghala la mtandaoni la msimbo. Walipata matundu 117 yanayofanana na mifano ile ya mafunzo. Manane kati ya hayo yalitokana na watu tofauti kunakili somo moja. Mwalimu mmoja asiyeonekana aliwafundisha wote kosa moja, na kila mmoja akaenda kulipanda katika shamba lake.

Waandishi wa miongozo wana utetezi wao, na unastahili kusikilizwa. Husema mfano umefupishwa ili anayeanza asitishike. Kwamba usalama utaelezwa katika sura ya mbele. Kwamba chini ya mfano kuna kisanduku cha onyo. Hoja hiyo ingesimama kama watu wangesoma miongozo kama wanavyosoma hadithi, toka mwanzo hadi mwisho. Hawasomi hivyo. Anayetafuta jibu saa nne za usiku, bando la intaneti likiwa linakwisha, anakwenda moja kwa moja kwenye msimbo, ananakili, anaondoka. Onyo la chini halinakiliwi. Kwa hiyo kilicho ndani ya mfano ndicho mwongozo wenyewe, na kilicho nje yake ni nia njema tu.

Ukitaka kuona marekebisho yanayofanya kazi, tazama tarehe. Lugha ya JavaScript, iliyotungwa na Brendan Eich mwezi Mei 1995 kwa siku kumi, ilirithi kutoka lugha ya Java desturi ya kuhesabu miezi kuanzia 0. Januari ni 0, Februari ni 1. Mwanafunzi wa skuli ya Pemba anayetaka kuandika siku ya Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964, ataandika new Date(1964, 1, 12), na kompyuta itamwandikia 12 Februari. Haitalalamika. Haitatoa onyo. Kalenda ya skuli itachapishwa na sikukuu ya taifa imesogea mwezi mzima.

Katika MDN, hazina kubwa ya maelezo ya teknolojia za tovuti inayotegemewa na wataalamu duniani kote, mfano wa new Date(1995, 11, 17) una maelezo mafupi pembeni yake, ndani ya mstari uleule wa msimbo, kwamba mwezi huhesabiwa kuanzia 0. Ni maneno machache sana. Lakini kwa kuwa yamekaa ndani ya msimbo, anayenakili anayabeba hata kama hakukusudia kuyasoma, na siku atakaporudi kushangaa kwa nini Novemba imekuwa Desemba, jibu litakuwa mbele ya macho yake. Huo ndio usahihishaji wenye busara: unamfikia msomaji mwenye haraka bila kumlazimisha awe msomaji mwingine.

Kuna pia marekebisho ya nusu njia. Tovuti ya W3Schools ilianza Norway mwaka 1998 na imewafundisha watu wengi mno hatua zao za kwanza. Mwaka 2011 kundi la wataalamu lilifungua tovuti iliyoitwa W3Fools, wakaorodhesha makosa ya miongozo ile waziwazi. Lugha yao ilikuwa kali kupita kiasi, lakini makosa mengi waliyoyataja yalirekebishwa, na wao wenyewe baadaye wakailegeza kauli.

Baadhi ya masahihisho ya W3Schools yanaonyesha jinsi kazi hii inavyotaka macho mawili. Somo lao la kukagua jina la mtu katika fomu ya PHP hapo awali liliruhusu herufi za a hadi z na nafasi peke yake. Mtu mwenye ritifaa au kistari katika jina alikataliwa. Baadaye msimbo ulirekebishwa ukaruhusu vyote viwili, na maelezo ya juu yake yakabadilishwa kulingana. Ujumbe wa kosa anaouona mtumiaji uliachwa kama ulivyokuwa: herufi na nafasi tu ndizo zinazoruhusiwa. Msimbo unasema hivi, ujumbe unasema vile. Anayenakili anapeleka kwa watu wake fomu inayokubali ritifaa huku ikiwaambia haikubaliki. Mtu anayeandika jina lenye ng' kila siku angeliona hilo mara moja, kabla ya mhariri wa Norway.

Ramani nazo zina mtego wao, na kwa Pemba mtego huo ni wa moja kwa moja. Mwaka 2016 ulianza Mradi wa Ramani wa Zanzibar, ambapo Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA, na Benki ya Dunia walishirikiana kuvipiga picha visiwa vyote kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Wanafunzi wa SUZA walishiriki kuzirusha. Picha hizo zikawekwa wazi, na ndivyo vijana wa visiwani walivyopata malighafi ya kutengenezea ramani zao za tovuti.

Zana wanayoanza nayo wengi ni Leaflet, iliyotolewa mwaka 2011 na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine. Mwongozo wake wa kuanzia unaonyesha London kwa namba mbili, 51.505 na -0.09. Ya kwanza ni latitudo, ya pili longitudo. London iko kaskazini ya ikweta na kidogo magharibi ya mstari wa Greenwich, kwa hiyo alama ya kutoa inakaa kwenye namba ya pili. Chake Chake iko kusini ya ikweta na mashariki ya Greenwich: takribani -5.25 na 39.77. Alama ya kutoa inahamia namba ya kwanza. Anayeiga umbo la mfano bila kuelezwa sababu yake huisahau alama hiyo, na Chake Chake inaibuka kusini mwa Ethiopia, jirani na mji wa Negele.

Hapo bado hajakutana na kisa cha pili. Taarifa nyingi za ramani husafiri katika muundo uitwao GeoJSON, ambao kiwango chake kilichotolewa Agosti 2016 kinaagiza longitudo itangulie. Leaflet inataka latitudo itangulie. Ukiipa Leaflet faili zima la GeoJSON kwa kazi yake maalumu, inageuza mpangilio yenyewe. Ukichomoa namba mbili kwa mkono na kuzipachika katika alama ya ramani, haigeuzi. Hospitali ya Chake Chake inajikuta katikati ya Hispania, magharibi ya mji wa Toledo. Hakuna programu iliyoharibika hapo. Kila mwongozo umesema kweli ndani ya nyumba yake, na mwanafunzi amepotea njiani baina ya nyumba mbili. Mstari mmoja wa tahadhari, ukiambatana na mfano wa mahali palipo kusini ya ikweta, ungeyaokoa mengi.

Inaelekea kuwa wakazi wa London hawawezi kuligundua kosa hili kwa urahisi, na si kwa uvivu. Kwao mfano unafanya kazi. Vivyo hivyo kwa fomu za simu: mfano wa MDN wa kukagua namba unataka tarakimu tatu, kistari, tatu, kistari, nne, kwa mpangilio wa Marekani. Maelezo yake yanakiri kwamba namba hutofautiana nchi na nchi, lakini msimbo haukiri. Namba ya Zanzibar iliyoandikwa kama watu wanavyoiandika, nne kisha tatu kisha tatu, inagonga mwamba. Anayeishi mahali ambapo mfano unavunjika ana ujuzi ambao mwandishi wa mwongozo hana na hawezi kuununua.

Mabaharia walilielewa jambo hili zamani. Ofisi ya ramani za bahari ya Uingereza hutoa kila wiki notisi za kusahihisha ramani zake, na sehemu ya taarifa hizo hutoka kwa manahodha waliokuta mwamba au kina kisichoandikwa. Nahodha anayeujua Mkondo wa Pemba hangojei mchora ramani aje ajionee; anaripoti, na ramani inabadilishwa kwa faida ya meli inayofuata.

Njia ya kuripoti kosa la mwongozo iko wazi kuliko watu wengi wanavyodhani. Tangu Desemba 2020 maandishi yote ya MDN yamewekwa GitHub, ambako yeyote mwenye akaunti anaweza kupendekeza badiliko. Mwongozo wa PHP nao unahifadhiwa hivyo, na Leaflet pia. Kinachotakiwa ni ushahidi. Anayeripoti anaeleza toleo alilotumia, anaweka msimbo mfupi kadiri iwezekanavyo unaoonyesha kosa, anasema alitarajia nini na akapata nini, kisha anapendekeza maneno mapya. "Mfano wenu mbovu" ni malalamiko. "Mfano huu, ukipewa neno Ng'ambwa, unatoa kosa hili katika toleo hili, na ukibadilishwa mstari huu kosa linaondoka" ni kazi iliyokamilika, na mhariri mwenye akili ataipokea kwa mikono miwili. Atauliza maswali. Huenda akataka mfano ufupishwe au jina libadilishwe. Wakati mwingine atakataa, na sababu yake itakuwa ya haki. Kuvumilia mabishano hayo ni sehemu ya ufundi.

Haraka nayo ni muhimu, kwa sababu mfano uliokwisha kunakiliwa haurudi nyumbani kusahihishwa. Mwaka 2010 mhandisi Andreas Lundblad aliandika jibu fupi la Java kuhusu namna ya kuonyesha ukubwa wa faili. Utafiti wa Sebastian Baltes ukaja kuonyesha kwamba kipande kile ndicho cha Java kilichonakiliwa kuliko vyote kutoka Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu. Mwaka 2019 Lundblad alitangaza kwamba kilikuwa na kosa, akalirekebisha hadharani, bila kujificha. Heshima kwake. Lakini maelfu ya nakala zilikuwa zimeshaenea katika programu za watu ambao hawatasikia habari zake kamwe.

Sasa kuna wanakili wapya. Programu za akili bandia zinazoandika msimbo zimejifunza kutokana na miongozo hiyohiyo, mizuri na mibaya pamoja, na humpa kijana wa Wete jibu lenye sauti ya kujiamini bila kumwonyesha lilikotoka. Wapo wanaosema kwamba kwa hiyo miongozo imekwisha kazi. Ni kinyume chake. Maandishi yaliyokuwa yakimpotosha msomaji mmoja mmoja sasa yanapita kwenye mashine na kuwapotosha wengi kwa mkupuo, na kuyasafisha kuna faida kubwa kuliko ilivyokuwa mwaka 2005.

Vizuizi vya Pemba si vya kubuni. Bando ni ghali kwa mwanafunzi. Wahariri wa miongozo wanafanya kazi kwa Kiingereza, na kijana aliyesoma kwa Kiingereza cha darasani huogopa kuandikiana na wageni. Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha za mwongozo wa PHP wala za MDN, ingawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilionyesha tangu mwaka 2004 kwa Jambo OpenOffice kwamba programu kubwa inaweza kuzungumza Kiswahili. Woga wa Kiingereza hauna budi kuangaliwa kwa uzito wake: ripoti nzuri ya kosa ina sentensi tano au sita, na sehemu kubwa yake ni msimbo, ambao hauna lafudhi.

Kuna wawili wanaoweza kufanya jambo mwaka huuhuu. Wa kwanza ni Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar. Kila mfumo wa umma wenye fomu, kabla haujapokelewa kutoka kwa aliyeutengeneza, ujaribiwe kwa orodha ya majina halisi ya shehia na watu wa Unguja na Pemba, pamoja na ritifaa zao, zile za kibodi ya kompyuta na zile zilizopinda ambazo simu huziweka yenyewe. Mfumo ukishindwa, urudishwe, na atakayeurekebisha aandike mfano uliompotosha aliutoa wapi.

Wa pili ni SUZA, ambayo ina kampasi Mchangamdogo katika Wilaya ya Wete. Wanafunzi wa kompyuta hutakiwa kutengeneza mradi wa mwisho, na miradi mingi ya aina hiyo, hapa na kwingineko, huishia kabatini. Chuo kiruhusu sehemu ya alama itokane na marekebisho ya mwongozo yaliyokubaliwa na wahariri wake, au hata yaliyokataliwa kwa hoja, mradi mwanafunzi ameonyesha kosa na kulitetea. Tathmini yake haina ugumu: kila badiliko la namna hiyo huhifadhiwa hadharani pamoja na tarehe, jina la aliyelipendekeza, maneno ya zamani na mapya, na majibizano yote kati yake na mhariri, na mhadhiri anaweza kuyafungua na kuyasahihisha akiwa ofisini kwake Mchangamdogo.